Kukata tanzanaiti: kuanzia jiwe ghafi hadi kito

Mkataji aliyezoea garneti au yakuti samawi, akishika tanzanaiti mara ya kwanza, huiharibu kwa njia moja kati ya mbili. Ama inampasukia juu ya kijiti (kile ambacho jiwe hubandikwa ncha yake ili likatwe) kwa sababu ya joto, ama anasaga nyuso zote, yaani pande bapa za kito, vizuri kisha anakuta mmoja umegoma kabisa kung'aa. Makosa yote mawili huanzia mezani, kabla msumeno haujawashwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni kuhusu kulitazama jiwe. Kusaga kwenyewe si kugumu sana.

Jiwe lenyewe

Tanzanaiti ni aina ya zoisaiti, madini yenye kalisi, alumini na silika, na rangi yake ya bluu na zambarau inatokana na kiasi kidogo cha vanadi. Inachimbwa Mirerani, Wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara. Iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani ikaliingiza sokoni kwa jina hili la Tanzania. Jina la zoisaiti liliachwa kwa sababu masikioni mwa wanaozungumza Kiingereza linakaribiana mno na neno lao la kujiua, na hakuna anayetaka kumvisha mchumba pete yenye jina hilo.

Kwa mkataji, tarakimu za kukumbuka ni hizi. Ugumu kwenye kipimo cha Mohs ni kati ya 6 na 7, ilhali kwatzi ni 7 na yakuti ni 9. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za kwatzi, kwa hiyo ukilifuta jiwe lililokwisha kung'aa kwa kitambaa kikavu chenye vumbi, umelichora. Uzito linganifu ni takriban 3.35. Kipeo cha kupinda mwanga ni 1.69 hadi 1.70, na kutokana na hicho pembe ya ukomo ni nyuzi 36 na kidogo: uso wowote mkuu wa upande wa chini ukiwa chini ya pembe hiyo, mwanga unapenya na kupotea badala ya kurudi kwenye jicho. Jiwe la namna hiyo likitazamwa kwa juu huwa na dirisha katikati, na ukiliweka juu ya gazeti unasoma maandishi.

Lipo jambo la tano, nalo ndilo kubwa: tanzanaiti ina mpasuko kamili wa asili upande mmoja, unaokwenda sambamba na urefu wa kristali. Upande huo hupasuka kama kuni iliyokauka, na sehemu iliyopasuka huwa bapa na yenye kung'aa.

Kulitazama jiwe ghafi

Anza kwa kuliosha. Jiwe ghafi likipakwa mafuta, nyufa zake hujificha, na wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, sugua kwa mswaki laini, acha likauke saa kadhaa, kisha litazame tena. Nyufa ambazo hazikuwepo asubuhi zitakuwepo jioni. Ununue kwa mwenye leseni ya biashara ya madini au ya udalali, na utunze stakabadhi, kwa sababu tanzanaiti isiyo na karatasi itakusumbua hata ikiwa safi kiasi gani.

Baada ya hapo washa tochi ndogo na upitishe mwanga ubavuni, usiutoe mbele yako. Unatafuta vitu vitatu: nyufa, vidoa vyeusi vya grafati (miamba ya Mirerani imejaa grafati), na utando kama wa moshi unaotokana na vitone vya maji vilivyonaswa ndani. Grafati iliyo katikati ya jiwe ni kasoro ya sura tu. Grafati itakayofikia juu ya uso unaong'arisha ni balaa, kwa sababu hung'oka ikiacha shimo, na vipande vyake huburutwa juu ya sahani inayozunguka ya kusagia.

Sasa rangi. Tanzanaiti ghafi huonyesha rangi tatu kulingana na upande unaoitazama: bluu, zambarau, na ya tatu ambayo huwa ya kahawia, ya njano au ya kijani. Kuzitenganisha si lazima uwe na kifaa cha maabara. Chukua kioo cha miwani ya jua yenye kichujio cha polarizesheni, kiweke kati ya jicho na jiwe, kisha kizungushe robo mzunguko. Rangi ikibadilika kutoka bluu kwenda zambarau, umeshazipata mbili kati ya rangi hizo. Rudia ukilitazama jiwe kutoka pande zote tatu, na uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika na maji.

Fanya kazi hii kwa mwanga wa mchana, kivulini, mbali na dirisha linalopigwa na jua moja kwa moja. Chini ya balbu ya njano kila tanzanaiti huegemea zambarau, na usiku utajiaminisha kuwa jiwe lako halina bluu wakati inayo.

Hapa ndipo panapochukuliwa uamuzi mgumu kuliko wote. Umbo la kristali nyingi ni refu na bapa, na mara nyingi upande unaotoa bluu safi kwenye meza ya kito (uso mkubwa bapa wa juu) ni ule unaokulazimisha kutupa jiwe jingi. Ukielekeza meza kwenye zambarau unabaki na kito kizito zaidi. Soko hulipa bluu zaidi kwa kila karati, lakini si kila jiwe linastahili hesabu hiyo. Kwa jiwe lenye rangi nzito, elekeza kwenye bluu hata likipungua. Kwa jiwe lililopauka, la gramu moja au mbili, ni afadhali kubakiza uzito, maana bluu iliyopauka haimvutii mtu. Rangi ya tanzanaiti hufifia jiwe likiwa dogo, na vito vya chini ya karati moja ni nadra kuwa na bluu ya kina.

Gramu moja ni karati 5. Kutoka karati 10 za jiwe ghafi lenye umbo zuri, tegemea karati 2 hadi 3.5 za kito. Likiwa na nyufa, chini ya hapo. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Mezani kwako, hata hivyo, vitakuja vipande vya gramu 2, na kila gramu moja utahitaji kuitetea.

Kuukwepa mpasuko

Tafuta sehemu bapa inayong'aa kwenye jiwe ghafi, mara nyingi ikiwa na ngazi ndogondogo sambamba. Huo ndio mpasuko wa asili. Sheria ni moja: uso wowote utakaokatwa usilale sambamba na mpasuko, wala usiwe karibu nao kwa nyuzi chini ya 5, nyuzi 7 hadi 10 ni salama zaidi. Uso ulio sambamba nao hauwezi kung'aa. Kila mara sahani inapopita, hung'oa ganda jembamba, na unaendelea kusaga mpaka jiwe linaisha huku uso ukibaki na madoa meupe.

Kwa hiyo ukigundua kuwa meza uliyoikusudia inaangukia juu ya mpasuko, liinamishe jiwe nyuzi kama 8 upande ambao rangi haibadiliki sana. Macho hayatauona mwinamo huo. Angalia pia nyuso za chini zenye pembe ya nyuzi 41, na za kiunoni (ukingo unaozunguka kito kati ya juu na chini) zinazosimama wima, kwani mpasuko unaweza kujificha pale.

Usitumie koleo kung'oa ncha zilizopasuka. Kata kwa msumeno wa almasi wenye unene wa milimita 0.3 au chini ya hapo, maji yakitiririka muda wote, na ulisukume jiwe kwa uzito wa mkono tu. Msumeno mnene unakula milimita nzima kila unapokata mara mbili au tatu, na kwenye jiwe la milimita 8 hiyo ni hasara kubwa. Jiwe lisibanwe kwa jiliwa la chuma; liwekwe kwenye nta au mpira.

Kuchoma

Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia au za rangi ya mzeituni. Joto huiondoa ile rangi ya tatu na kuacha bluu na zambarau. Mabadiliko haya ni ya kudumu na karibu kila kito sokoni kimepitia humo, kwa hiyo hayachukuliwi kuwa udanganyifu. Ile hadithi inayosimuliwa kuhusu radi iliyochoma nyasi za malisho, na wafugaji wa Kimaasai wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka bluu, pengine imepambwa na wauzaji, lakini imebeba ukweli mmoja: ni moto unaofanya kazi hiyo.

Choma baada ya kulipa jiwe umbo la awali na kuondoa nyufa zote, kabla ya kuliweka kwenye kijiti. Jiwe lenye ufa au utando wa maji likiingia kwenye tanuru, maji yale hupanuka na kulipasua. Lizike kwenye unga wa jasi au mchanga mkavu mlaini ndani ya bakuli la udongo wa kinzamoto, ili joto lifike taratibu na kwa usawa. Pandisha nyuzi joto 50 kila nusu saa, hadi kati ya 550 na 600 za Selsiasi, shikilia dakika 30 hivi, kisha zima tanuru na uondoke. Usilifungue. Acha lipoe lenyewe, usiku mzima ikibidi, mpaka bakuli linashikika kwa mkono mtupu. Wanaolifungua tanuru likiwa na nyuzi 200 ili kuchungulia ndio wanaotoa vipande viwili badala ya kimoja.

Kama jiwe limeshakuwa bluu baada ya kuoshwa na ukalikagua pande zote bila kuona kahawia, usilichome. Kuna mawe yaliyokwisha kupata joto la kutosha ardhini, na mengine yamechomwa na mchimbaji kabla hayajakufikia. Kuchoma tena hakuongezi kitu ila hatari.

Kulibandika kwenye kijiti

Nta ya kuyeyusha inafaa kwa kwatzi. Kwa tanzanaiti, iweke kando. Kupasha jiwe kwa kibatari ili nta ishike ni kulipa mshtuko wa joto ambao mpasuko wake unausubiri kwa hamu. Tumia gundi ya haraka au gundi ya sehemu mbili, zote zikiwa baridi. Safisha kijiti na jiwe kwa spiriti kwanza. Alama ya mafuta ya kidole inatosha kufanya jiwe libanduke katikati ya kazi na kuruka. Gundi ya haraka ni rahisi kuiondoa: loweka kwenye asitoni saa chache, jiwe litajiachia. Chumba kiwe na hewa na pasiwe na moto, maana asitoni huwaka upesi.

Kata upande wa chini kwanza, kisha hamisha. Kwa kuhamisha, jiwe linakaa kati ya vijiti viwili vilivyonyooka kwenye kifaa chake, gundi mpya inakauka kikamilifu, ndipo kijiti cha kwanza kinatolewa kwa asitoni. Kwa hiyo kijiti cha pili kishike kwa gundi ya sehemu mbili, ambayo huichelewesha asitoni zaidi, na uiloweshe sehemu ya kwanza tu kwa pamba. Ukiharakisha hapa, taji, yaani sehemu ya juu ya kito, litakaa upande na kiuno kitakuwa kinene upande mmoja na chembamba mwingine. Huwezi kurekebisha hilo bila kupoteza uzito.

Pembe na mpangilio

Umbo la mviringo wa kawaida ni zuri kujifunzia, ingawa tanzanaiti nyingi huishia kuwa na umbo la yai au la mto wa kulalia kwa sababu ndivyo jiwe ghafi linavyotaka. Kwa gurudumu la meno 96, ambalo kila jino lake huonyesha jiwe limezungushwa kiasi gani, mpangilio huu unafanya kazi kwa kipeo cha 1.69:

Chini, nyuso 16 za kiunoni: nyuzi 43, meno 3, 9, 15, 21 na kuendelea kwa kuongeza 6 hadi 93.
Chini, nyuso kuu 8: nyuzi 41, meno 96, 12, 24, 36, 48, 60, 72, 84.
Kiuno: nyuzi 90, kwenye meno yaleyale 16.
Taji, nyuso 16 za kiunoni: nyuzi 40.
Taji, nyuso kuu 8: nyuzi 35.
Taji, nyota 8: nyuzi 22 hivi, meno 6, 18, 30 na kuendelea kwa kuongeza 12.
Meza: uso mmoja, sambamba na kiuno.

Jumla ni nyuso 57 bila kiuno. Kuna nafasi ya kucheza. Jiwe lenye rangi nzito mno lipe nyuso kuu za chini nyuzi 40 ili lisiwe jeusi. Lililopauka lipe 42 na uongeze kina kidogo. Usishuke chini ya 39, kwa sababu mtazamaji akiinamisha kito kidogo tu dirisha litaonekana. Kina kizima, kutoka meza hadi ncha, kiwe asilimia 60 hadi 70 ya upana. Kiuno kiachwe na unene wa asilimia 2 au 3 ya upana. Chembamba kuliko hapo kitakatika sonara anapobana makucha ya pete.

Kwa kukadiria uzito kabla ya kumaliza: zidisha kipenyo kwa kipenyo kwa kina (vyote kwa milimita), kisha kwa 3.35, kisha kwa 0.0018. Mviringo wa milimita 8 wenye kina cha 5 unatoa karati 1.9 hivi. Kwa umbo la yai tumia wastani wa urefu na upana badala ya kipenyo, na 0.0020 badala ya 0.0018.

Kusaga na kung'arisha

Anza na sahani ya almasi namba 600 (namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo). Namba 260 inafaa tu kwa jiwe kubwa la zaidi ya gramu 4, maana huacha mapigo yanayoingia ndani na yanayoweza kuamsha mpasuko. Toka 600 uende 1200, kisha 3000. Usiruke hatua kwa haraka. Mchoro wa 600 uliobaki chini ya uso wa 3000 hautaonekana mpaka uanze kung'arisha, na hapo utarudi nyuma hatua mbili.

Maji yatone mfululizo. Jiwe likiwa la moto ukiligusa na mdomo wa juu, acha.

Kung'arisha kunafanyika kwenye sahani ya bati, kwa unga wa almasi wa mikroni 0.5 au mdogo zaidi, au kwa oksidi ya alumini ya mikroni 0.3 iliyochanganywa na maji. Almasi inakwenda haraka na nyuso zinabaki bapa zenye kingo kali. Alumini ni ya pole na mara nyingi ndiyo inayomaliza uso uliogoma. Zungusha sahani polepole. Kwa nguvu kubwa tanzanaiti haing'ai upesi, inachorwa upesi.

Uso ukiendelea kuwa na michirizi, sababu ziko chache. Michirizi yote ikielekea upande mmoja, geuza mzunguko wa sahani au peleka mkono kinyume, kwa kuwa ugumu wa jiwe hili haulingani pande zote. Michirizi ikitawanyika ovyo, sahani ina uchafu: chembe ya 3000 au kipande cha grafati. Osha sahani, jiwe, kijiti na mikono yako pia, chini ya kucha. Yakiwa si michirizi bali vishimo vyeupe visivyokwisha, umeugusa mpasuko, na dawa ni kubadilisha pembe ya uso huo mpaka uwe mbali na mpasuko kwa angalau nyuzi 5, kisha kuzirekebisha nyuso za jirani ili zikutane. Hilo linachosha, nalo ndilo uliloambiwa ulikwepe ukiwa bado mezani.

Kukagua, na neno kwa sonara

Kito kikiisha, kitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10, kisha kwa kile kioo cha miwani. Zambarau na bluu lazima zionekane zikipishana. Kioo cha kawaida kilichopakwa rangi hakibadiliki hata kidogo, na fosteraiti ya maabara (jiwe jingine lililotengenezwa) inayouzwa kama tanzanaiti hujisaliti kwa kuonyesha kingo za nyuma zikiwa mbilimbili, jambo ambalo tanzanaiti halisi haionyeshi kwa uwazi kiasi hicho. Kito chenye bluu kali katikati lakini kingo za nyuso zimepauka, huenda kimepakwa utando juu.

Tangu 2002 tanzanaiti imo pia kwenye orodha ya mawe ya mwezi wa Desemba, iliyoongezwa na chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani, na hiyo imepandisha mahitaji ya pete. Ila pete ndiyo mahali pabaya kuliko pote kwa jiwe hili, kwa sababu mkono hugonga. Hereni na kidani ni salama. Akitaka pete, kito kizungushiwe ukingo wa dhahabu badala ya makucha manne yaliyo wazi.

Mwandikie sonara kwenye bahasha ya kito, usitegemee kumbukumbu yake: asipeleke moto wa kulehemu karibu na jiwe hata likiwa tayari kwenye pete, alitoe kwanza. Asilisafishe kwa mashine ya mawimbi ya sauti wala kwa mvuke, wala asilitie kwenye tindikali ya kusafishia dhahabu iliyo ya moto. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini vinatosha, na kito kikaushwe kwa kitambaa safi ambacho hakijawahi kufuta meza ya kazi.